Maji ya Kijani Kijijini Tumaini

Kuanzia siku ile, ilitangazwa, hakuna mtaalamu atakayeruhusiwa kujua kitu peke yake.

Tangazo lilisomwa Utemini, mjini Singida, mbele ya nyumba ya bati iliyokuwa Ofisi ya Ushirikiano wa Sayansi. Msomaji alikuwa Mkurugenzi mwenyewe, Ndugu Melkizedeki, ndani ya suti ya Chuenlai, ile ya kola fupi ya viongozi, iliyopigwa pasi mpaka mikunjo yake ingeweza kukata kitunguu. Upepo wa Singida ulijaribu kumpokonya karatasi, hakuiachia. Alieleza kwamba ujuzi wa mtu mmoja mmoja ni masalia ya ukoloni. Daktari anajua miili, basi anajifungia nayo wodini. Mtaalamu wa vijidudu anajua vijidudu, anavifungia chupani. Injinia anajua mabomba, na ukimuuliza habari za tumbo anakwambia si idara yake.

"Wananchi wamehamia vijiji vya ujamaa," alinguruma Mkurugenzi. "Mbuzi wamehamia. Kuku wamehamia. Kwa nini sayansi iendelee kuishi porini, kila mmoja na kibanda chake?"

Makofi yalilipuka. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni Antipasi Ntandu, Katibu wa ofisi ile, na wala hakuwa akijipendekeza. Aliamini. Kabla ya kuteuliwa alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Ihanja, mtu mwembamba, mnyenyekevu, na kulikuwa na maneno ambayo yakitamkwa mbele yake yalimsisimua kama ngoma inavyowasisimua wengine. Uratibu. Mkakati. Utekelezaji. Kwake yeye, ukiwakalisha wataalamu watatu kwenye benchi moja, ukweli hauna pa kupita ila katikati yao.

Kilicholeta tangazo lile lilikuwa tumbo. Katika kijiji kipya cha Tumaini, si mbali na Ihanja, watu walikuwa wanahara. Walianza watoto, wakafuata wazee, kisha karibu wote waliobaki. Zahanati ilifurika mpaka wagonjwa wakalazwa barazani. Miongoni mwao alikuwamo Dina, mtoto wa Yustina, dada yake Antipasi. Antipasi alikwenda kumwona siku ya Jumapili akamkuta macho yameingia ndani, hana hata nguvu ya kulia. Alirudi Utemini bila kula.

Kwa hiyo tangazo lilipotoka, yeye aliliona ni dawa.

Wataalamu watatu waliitwa. Wa kwanza alikuwa Dokta Gabrieli, mnene na mpole, aliyewahi kufanya kazi hospitali ya Kilimatinde miaka mingi na ambaye alimwita kila mgonjwa "mwanangu", hata awe babu. Wa pili Bi Felista, mtaalamu wa vijidudu, amerudi juzijuzi kutoka masomoni ng'ambo, na hadubini yake aliipakata kama mtoto mchanga. Wa tatu Injinia Ignas, kijana mrefu wa Manyoni, ambaye hakuweza kupita karibu na bomba bila kuligonga na kutega sikio.

Mkurugenzi aliwasomea utaratibu. Watapanda gari moja, watakula sahani moja, na watabadilishana taaluma kwa zamu. Leo daktari atakuwa injinia, injinia atakuwa daktari. Kesho kila mmoja atasogea mbele, hadi ujuzi uwe mali ya umma.

"Ndugu Mkurugenzi," Dokta Gabrieli aliuliza kwa adabu, "mgonjwa akija siku ambayo mimi ni injinia?"

"Atatibiwa na injinia."

"Akifa?"

"Atakuwa amekufa kwa ushirikiano."

Antipasi aliona neno hilo zuri akaliandika. Halafu akamkumbuka Dina. Akalifuta.

Waliondoka kwa Landrova, wote wanne wamebanana kiti cha mbele, kwa sababu kukaa nyuma kungeleta matabaka. Njia nzima hadubini ilikuwa juu ya magoti ya Injinia na kiwiko cha Daktari kilikuwa ubavuni mwa Katibu. Walipofika Tumaini walishuka wakiwa wamekufa ganzi, lakini wameungana.

Kazi ilianzia kisimani. Kilikuwa kisima kizuri mno. Kiliitwa Kisima cha Mfano, kimejengewa kwa saruji na kupakwa chokaa. Hatua chache juu yake, kwenye mwinuko, kilisimama Choo cha Heshima, nacho cha saruji, nacho cheupe, chenye kufuli, kwa matumizi ya viongozi wanaokuja kukagua kisima. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyechagua mahali. Alitaka maendeleo yote mawili yaingie katika picha moja. Na kweli picha ilitoka vizuri, ikabandikwa ofisini. Visima vya zamani vya mchangani, vile walivyochimba wazee kule mtoni, vilikuwa vimepigwa marufuku kwa kuwa havikupendeza. Siku hizi vilinywewa na ng'ombe tu, na ng'ombe wa Tumaini walikuwa na afya ya kuonewa wivu.

Bi Felista alichota tone la maji ya kisima, akaliweka chini ya hadubini, akainama. Hakukaa sana.

"Vipo," alisema. "Vimejaa. Vinacheza kama viko harusini."

"Samahani, Bi Felista," Antipasi alimkatiza kwa upole. "Hapo umejua peke yako."

Ilibidi kikao kiitishwe. Daktari aliinama, akakubali kwamba vipo. Injinia Ignas aliinama kwa muda mrefu, akageuza hiki na kile, akasema anaona nyasi nyeusi ndefu zinazopepesuka.

"Hizo ni kope zako," alisema Felista.

"Mimi nasema ninachokiona."

Ikapigwa kura. Vijidudu vikapita kwa kura mbili dhidi ya moja, na kope za Injinia zikaandikwa kama maoni ya wachache. Antipasi alifunga kikao akiwa amejaa furaha. Hakuwahi kufikiri kwamba kitu kidogo kiasi kile kinaweza kupatikana kidemokrasia.

Siku iliyofuata zamu zilianza, na hapo ndipo mambo yalipochangamka.

Injinia Ignas aliamka akiwa daktari. Alivalishwa koti jeupe lililomfika juu ya magoti, akakalishwa zahanatini mbele ya msururu wa wagonjwa. Mganga mkazi, Marietha, mama wa makamo asiyependa mchezo, alisimama mlangoni amekunja mikono kumtazama. Ignas hakujua kuuliza habari za homa wala za ulimi. Aliuliza anachokijua.

"Mama, maji yanaingilia wapi?"

Aliyekuwa mbele yake ni bibi mmoja, Anastazia. "Mdomoni," alijibu.

"Na yanatokea wapi?"

"Mwanangu, umesoma mpaka wapi wewe?"

Baraza zima liliangua kicheko, hata wale waliokuwa wameshika matumbo. Ignas naye akacheka mpaka koti likafunguka vifungo. "Nisamehe, bibi. Namaanisha kabla ya mdomo. Unayachota wapi?"

"Pale kwa wakubwa. Kisimani."

Akamuuliza wa pili, kisimani. Wa tatu, kisimani. Akachukua chaki akachora sakafuni nyumba za watu na njia za maji, kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Nyumba za wagonjwa zote zilikunywa maji ya Kisima cha Mfano. Wale wachache waliokuwa wazima, waliokuja kuuguza tu, walitazamana, wakakohoa, na mmoja akakiri kwa sauti ya chini kwamba wao huwa wanajiiba kwenda mtoni, kunywa pamoja na ng'ombe.

Wakati huohuo Dokta Gabrieli alikuwa injinia. Aliteremshwa kisimani kwa kamba, akitweta, na taa mkononi. Hakujua lolote kuhusu ujenzi, lakini maisha yake yote alikuwa ametazama vidonda. Alipapasa ukuta wa mwamba kwa vidole, taratibu, kama anayepapasa tumbo la mgonjwa. Akapiga kelele kutoka chini:

"Huyu mwanangu amepasuka! Upande wa juu! Na kidonda kinatoa maji!"

"Upande gani wa juu?" Antipasi aliinama kumuuliza.

"Upande wa Heshima!"

Naye Bi Felista, ambaye kwa ratiba ile ile alipangiwa kumsaidia daktari wodini, alikuwa na dawa moja tu kichwani, kwa sababu alijua jambo moja ambalo vijidudu haviwezi kulivumilia. Chemsha. Aliwasha moto kwenye mafiga matatu nyuma ya zahanati, akachemsha maji mpaka yakatokota, akayapoza, akatia chumvi kidogo na sukari, akawanywesha watoto kwa kijiko. Alishinda na Dina mapajani. Jioni Antipasi alipoingia, yule mtoto alimtazama mjomba wake, akanyoosha mkono, akadai ugali. Antipasi alitoka nje haraka, akasimama nyuma ya Landrova, akajipangusa uso kwa tai.

Walikaa wote wanne kwenye mkeka, sahani moja ya ugali wa uwele na mlenda katikati. Kila mmoja alimwaga alichonacho. Ignas akaeleza nyumba. Gabrieli akaeleza ufa. Felista akaeleza kwamba vile vijidudu havizaliwi mwambani, bali hutoka katika utumbo wa mtu, na mtu huyo lazima awe anakula vizuri sana. Kisha wote wakageuka kutazama kule juu, kwenye jengo jeupe lenye kufuli.

Viongozi walikuwa wamekuja Tumaini kwa wingi mno. Walikuja kukagua kisima, wakaja kukagua ukaguzi wa kisima. Kila mara walichinjiwa kuku, na kila ukaguzi ulimalizikia mle ndani.

Felista ndiye aliyeanza kucheka. Akafuata Daktari, tumbo likitikisika. Antipasi alijizuia kwa heshima ya ofisi mpaka mlenda ukampalia.

"Lakini hatuna ushahidi," alisema alipopata pumzi. "Ni hoja tu."

Ignas akavuta mkoba wake, akatoa kopo. Ndani mlikuwa na unga mwekundu kama pilipili ya kusaga. Alieleza kwamba wapima maji huutumia kutafutia uvujaji. Haudhuru mtu. Ukigusa maji unageuka kijani, kijani kinachong'aa, na popote maji yale yatakapotokea, utayajua. "Naumimina kule juu. Tunangoja wiki moja au mbili. Maji ya kisima yakibaki meupe, tunaomba radhi."

Kufuli la Choo cha Heshima lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Katibu. Alikabidhiwa kwa hafla, akaapa kwamba hautaguswa na asiyehusika. Wenzake waliendelea kula. Antipasi aliwaza kazi yake. Akawaza ule mkono mdogo ulioomba ugali. Akautoa ufunguo akauweka kando ya sahani.

"Kwa ajili ya usafi," alisema.

Unga ukamiminwa. Sasa Ignas alikuwa injinia mzuri, ila hakuujua mwamba wa Singida unavyopasuka. Wiki yake moja au mbili haikuhitajika. Kesho yake asubuhi ujumbe uliletwa kwamba Mkurugenzi amesikia kamati imefanikiwa kupata vijidudu kwa kura, amefurahi, na yuko njiani na mpiga picha kuja kutangaza ushindi. Na kabla vumbi la gari lake halijaonekana, mtu mmoja alichota ndoo ya kwanza.

Maji yalikuwa ya kijani. Si ya kijani cha ukungu au cha matope. Yalikuwa ya kijani kama nyasi za mvua ya kwanza, yanang'aa ndani ya ndoo kama yana taa.

Watu walikusanyika. Ngoma zilishafika, akina mama wa kwaya walishajipanga, Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Urbano, alishavaa kofia. Wataalamu watatu walipandishwa jukwaani nyuma kabisa, kwa kuwa walikuwa wataalamu tu. Gari likafunga breki, Mkurugenzi akashuka, akatembea moja kwa moja hadi kisimani, akaona ndoo.

Antipasi alinyoosha mkono, kama alivyowafundisha wanafunzi wake kunyoosha.

Mkurugenzi aliyatazama yale maji kwa muda. Kisha uso wake ukafunguka pole pole kama dirisha.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Hii ni rangi gani?"

"Kijani!" walijibu.

"Na kijani ni rangi ya nani?"

Watu wakasita. Bendera ya Chama ilikuwa inapepea juu ya kichwa chake. "Ya Chama!"

"Basi mmejionea! Maji yenyewe yamechukua kadi!"

Ngoma zililipuka. Akina mama wakapiga vigelegele. Mzee Urbano akarusha kofia. Bi Felista alisimama kule nyuma akipaza sauti kwa nguvu zake zote, "Asinywe! Asinywe!" na watu wa mbele, waliosikia nusu tu, wakaitikia, "Anywe! Anywe!"

"Ndugu Mkurugenzi," Antipasi alimsogelea, mkono bado juu, "kuna taarifa ya dharura ya kamati."

"Iko kwenye ajenda?"

"Hapana, lakini..."

"Iweke kwenye mengineyo."

Na Mkurugenzi akachota kikombe kikubwa cha bati, akakiinua kwa mpiga picha, akanywa. Alikunywa chote. Alipanguza midomo iliyobaki kijani, akatoa sauti ya mtu aliyeridhika. "Mapya!" alisema. "Yana ladha ya mshikamano!"

Antipasi alisimama pale pale. Kama jambo lingeishia hapo, yeye kama Katibu angeweza kuvumilia, maana utaratibu ulikuwa umefuatwa. Lakini Mkurugenzi akachota tena. Akatafuta kwa macho sura ya kupiga nayo picha, akamwona mama mmoja mbele, kabeba mtoto aliyekonda, mwenye macho makubwa. Akamkabidhi kikombe.

"Mpe mtoto, mama. Anywe uhuru wake."

Mama yule alikuwa Yustina. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akamgeukia kaka yake. Mpiga picha akapiga goti.

Antipasi hakukumbuka baadaye alivyofika. Aliona tu kikombe kimo mkononi mwake, maji ya kijani yamemwagikia suti ya Chuenlai kutoka kifuani hadi magotini, na sauti kubwa, ambayo ilikuwa yake, ikipaa juu ya ngoma:

"MENGINEYO!"

Ngoma zilikatika. Mkurugenzi aliitazama suti yake. "Hatujafika mengineyo," alisema polepole.

"Tumefika, Ndugu Mkurugenzi." Maneno ya Antipasi yalitoka moja moja, safi, kama imla. "Kamati ya wataalamu watatu, kwa ushirikiano, inatoa taarifa. Rangi hii tuliimimina sisi. Tuliimimina chooni. Katika Choo cha Heshima. Ilichokifanya rangi ndicho kinachofanywa na kila kitu kinachoingia mle. Kinashuka kisimani. Wananchi wa Tumaini wanaumwa kwa sababu wanakunywa ukaguzi."

Kisha Mkurugenzi akageuka polepole, na macho yake yalikuwa yamekuwa madogo. Alikuwa mtu wa siasa, na hata akiwa amelowa alijua pa kushika.

"Katibu," alisema, "unawaambia wananchi kwamba rangi ya Chama inatoka chooni?"

Watu walirudi nyuma. Kwa swali kama lile mtu alikuwa anaweza kulala rumande na kuamka mkoa mwingine.

Ndipo Dokta Gabrieli alipoteremka jukwaani, bila haraka, akawapita watu akiwashika mabega. "Hapana, mwanangu," alimwambia Mkurugenzi. "Chama hakitoki chooni. Yanayotoka chooni ni maji. Chama kimetusaidia kuyaona."

Mzee Urbano, ambaye alikuwa Mwenyekiti wa kijiji na hakuwa mjinga, alielewa upesi kuliko wote. "Chama kimetufichulia!" alipaza sauti. "Chama hoyee!"

"HOYEE!"

Walipiga makofi mpaka vumbi likainuka. Wakamtazama Mkurugenzi. Hakuna kiongozi anayeweza kusimama mikono chini wakati Chama kinapigiwa makofi. Naye akapiga. Alipiga akiwa amelowa, midomo kijani, na katikati ya makofi uso wake ukabadilika kidogo, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kutoka mbali.

Mchana huo huo Choo cha Heshima kilifungwa kwa mawe, na Kisima cha Mfano kikafuatia. Injinia Ignas alikwenda mtoni na vijana wa kijiji, akavifukua visima vya wazee, akavijengea na kuvifunika. Watu walicheka kazini, wakaimba, na Antipasi, tai kaitupia begani, alibeba mawe na Dina kifuani mpaka dada yake akamnyang'anya mtoto.

Mkurugenzi hakurudi Utemini. Hakuweza kukaa garini muda wa kutosha. Alipewa kitanda cha mwisho zahanatini, kati ya wazee wawili waliokuwa wanapata nafuu, na siku ya tatu asubuhi Marietha alimkabidhi kopo dogo.

"La nini hili?"

"Choo chako. Bi Felista anataka kukipima. Maabara ni lile hema pale mbele."

"Atume mtu aje kukichukua."

"Kila mtu anapeleka chake."

Akaenda. Aliuvuka uwanja mzima wa zahanati, kwa hatua fupi fupi, amevaa shuka, kopo mkononi, na kulikuwa na msururu mrefu wa wananchi, kila mmoja na kopo lake. Alijaribu kupita pembeni. Antipasi, aliyekuwa mbele ya hema akipanga watu, alimwona. Hakusema neno. Aliinua mkono tu, kwa heshima zote, akamwonyesha mwisho wa foleni.

Mkurugenzi alisimama. Mbele yake alikuwa Bibi Anastazia, na yeye na kopo. Bibi aligeuka, akamtazama juu mpaka chini, akangoja. Alingoja kwa namna ambayo hata Mkurugenzi aliielewa.

"Shikamoo, mama," alisema Ndugu Melkizedeki.

"Marahaba. Funika hilo kopo, mwanangu, upepo wa huku hauna adabu. Halafu sogea nyuma kidogo."